Kopo Moja la Baruti kwa Kaliba Kadhaa: Lini Linatosha, Lini Linagoma

Mtu mwenye bunduki tatu kabatini za kaliba (aina ya risasi) tofauti, tuseme .223 Remington, .308 Winchester na .30-06, akiingia duka la vifaa vya kujaza risasi huko Texas au Pretoria hukuta rafu nzima ya makopo ya baruti yanayofanana. Swali lake la kwanza ni la mfuko: ni lazima ninunue makopo matatu? Kwa bunduki hizo tatu, kopo moja linatosha. Mwenye .223 na .300 Winchester Magnum halimtoshi. Na mwenye .243 na .358, ambazo ganda lake ni lile lile la .308 lililobanwa au kutanuliwa shingo, naye atahitaji makopo mawili. Ukishaelewa kwa nini maganda ndugu yanataka baruti tofauti, huku ganda dogo la .223 likishirikiana kopo na lile kubwa la .308, umeielewa sehemu kubwa ya kazi ya kuchagua baruti.

Kabla ya hapo, sheria. Marekani, mtu anayeruhusiwa kumiliki silaha anaweza kujaza risasi zake mwenyewe bila leseni ya shirikisho. Akitaka kuziuza kama biashara ndipo anapohitaji leseni ya mtengenezaji. Waswahili walioko huko wakumbuke jambo moja: mwenye viza ya muda, awe mwanafunzi au mgeni, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa awe ndani ya vighairi vya sheria, kama vile leseni halali ya uwindaji. Afrika Kusini inaruhusu kazi hii kwa mwenye leseni ya bunduki ya kaliba husika, chini ya sheria yake ya silaha ya mwaka 2000. Kenya na Tanzania ni habari nyingine: kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Aliyeko Nairobi au Arusha asome makala haya ili aelewe risasi anayoinunua dukani.

Maneno machache tuyaweke sawa. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki (kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha moto, jina tulilorithi kwa wenye magobori), baruti, na kichwa kinachoruka. Uzito wa baruti na wa kichwa hupimwa kwa greni. Ratili moja ina greni 7,000, na greni moja ni takriban miligramu 65.

Baruti haifanyi kazi kwa kulipuka

Baruti isiyo na moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliigundua mwaka 1884, haikusudiwi kulipuka kama baruti ya mgodini. Inaungua, tena kuanzia juu ya punje kuelekea ndani. Kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo inavyoungua haraka, na kadiri inavyoungua haraka ndivyo shinikizo linavyopanda. Kinachozuia mzunguko huo usivunje bunduki ni kichwa kusonga mbele mtutuni na kuiachia gesi nafasi. Kujaza risasi ni kutafuta mwendo ambao kasi ya gesi kuzaliwa inalingana na kasi ya nafasi kuongezeka.

Kiwanda huongoza kasi ya kuungua kwa njia mbili: umbo la punje, na dawa inayopakwa juu yake ili moto uanze taratibu. Baruti nyingi za bunduki ni vijiti vifupi vyenye tundu katikati kama tambi za makaroni. Moto unapokula nje, eneo la nje hupungua, lakini lile la ndani ya tundu hupanuka, hivyo gesi haikatiki mapema. Baruti ya bastola huwa punje nyembamba zinazokwisha mara moja. Ukilijaza ganda la .308 kwa baruti ya bastola, shinikizo hupanda kabla kichwa hakijasogea, na bunduki hupasuka mkononi. Kosa hilo halina dogo wala kubwa.

Hesabu inayofungua fumbo

Watu wengi hulinganisha kaliba kwa majina au kwa ukubwa wa ganda. Linganisha ujazo wa ganda na upana wa mtutu. Chukua ujazo wa ganda, ugawe kwa eneo la tundu la mtutu, upate urefu: ni kama umeuliza, baruti hii ingemiminwa ndani ya bomba lenye upana wa mtutu, ingesimama urefu gani?

Tufanye ya .308. Ganda lake likijazwa maji hadi mdomoni huchukua takriban greni 56. Sentimita moja ya ujazo ya maji ni greni 15.43, kwa hiyo ujazo ni 56 ÷ 15.43, yaani 3.63. Kichwa kina kipenyo cha milimita 7.82, na eneo la duara hilo ni sentimita za mraba 0.48. Gawanya: 3.63 ÷ 0.48 ni sentimita 7.6.

Sasa .223. Ganda lake huchukua takriban greni 30 za maji, karibu nusu ya lile la .308. Lakini kichwa chake ni milimita 5.69 tu. Ukipiga hesabu ile ile unapata sentimita 7.6. Namba ni moja! Ndiyo maana baruti kama Varget au H4895 hukaa vizuri kwenye kaliba hizi mbili, ingawa ukiziweka risasi zenyewe mezani, moja inaonekana mtoto wa nyingine.

Endelea na maganda ndugu. Ganda la .308 likitanuliwa shingo lishike kichwa cha milimita 9.09 linakuwa .358 Winchester, na namba yake inashuka hadi takriban 5.4. Likibanwa kushika kichwa cha milimita 6.17 linakuwa .243, na namba inapanda hadi 11.7. Ujazo ni karibu ule ule. Kilichobadilika ni tundu la kutokea gesi. Kwenye .358 kichwa kipana kinapisha nafasi kubwa kila milimita kinayosogea, hivyo baruti inapaswa kuwahi. Kwenye .243 nafasi inafunguka polepole, na baruti yenye haraka ingefikisha shinikizo kileleni kichwa kikiwa bado karibu na chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi). Hapo panatakiwa baruti ya taratibu, ya kundi la 4350, yaani zenye namba hiyo koponi kama H4350.

Kwa kulinganisha: .45-70 ina takriban 4.8, .30-30 ina 6.1, .375 H&H 8.6, .30-06 9.2, 6.5 Creedmoor 9.6, .270 11.2, .300 Winchester Magnum 12.4. Maganda ya viwanda mbalimbali hutofautiana kidogo, kwa hiyo usiyachukulie haya kama vipimo vya maabara. Yanakuonyesha nani ni jirani wa nani. Tazama .30-06 na 6.5 Creedmoor: miaka zaidi ya mia moja inazitenganisha, zina maumbo tofauti kabisa, na bado zote mbili zinapenda H4350.

Uzito wa kichwa unaweza kuipindua hesabu

Namba hiyo peke yake haitoshi, na .22-250 inaonyesha vizuri. Yenyewe ina takriban 11.2, sawa na .270, ungedhani inataka 4350. Lakini watu huijaza Varget na inafanya kazi vizuri sana, kwa sababu vichwa vyake vya kawaida ni vya greni 50 hadi 55, vyepesi mno kwa upana wao. Kichwa chepesi hukimbia mapema, nafasi hufunguka haraka, na baruti ya taratibu hubaki ikiungua nusunusu hadi itoke mdomoni na kuacha punje mbichi mtutuni. Kichwa kizito hukaa, shinikizo hujengeka, na baruti ya taratibu hupata muda wake.

Kwa hiyo unaweza kuzisogeza kaliba zako kuelekea kwenye kopo moja kwa kuchagua vichwa. Mwenye .223 na .308 anayetaka kutumia Varget apendelee vichwa vya greni 69 hadi 77 kwenye .223. Vile vya greni 55 vitafanya kazi, ila baruti yenye haraka kidogo ingevifaa zaidi. Mwenye .30-06 aliye na kopo la H4895 achague vichwa vya greni 150, na wa H4350 achague vya 165 hadi 180. Kwenye .243, vichwa vyepesi vinakubali Varget. Vya greni 100 vinadai 4350.

Kwa maoni yetu, makundi mawili yanatosheleza karibu kila kabati la mwindaji wa kawaida. La kwanza ni la 4895, 4064 na Varget: .223 yenye vichwa vizito, .22-250, .308, 7mm-08, na .30-06 yenye vichwa vya kati. La pili ni la 4350: .243, 6.5 Creedmoor, .270, .30-06 yenye vichwa vizito, .300 Winchester Magnum, na .375 H&H. Ukiona .30-06 imetokea pande zote mbili hujakosea kusoma, ndiyo daraja. Aliye na .223 na .300 Magnum asijilazimishe. Baruti inayoifaa moja haiifai nyingine, na kopo la pili ni rahisi kuliko bunduki mpya.

Unapoteza nini kwa kushikilia kopo moja? Mara nyingi ni makumi ya futi kwa sekunde tu kwenye kaliba moja au mbili. Mnyama aliye mita 200 hataiona tofauti hiyo. Kinachopaswa kukutia wasiwasi zaidi ni ganda kutojaa. Baruti ikijaza asilimia 85 hadi 100 ya nafasi iliyo chini ya kichwa, fataki huiwasha kwa namna ile ile kila mara. Ikiwa imelala nusu ganda, risasi iliyoelekezwa juu na iliyoelekezwa chini hazitapiga sawa.

Hapo H4895 ina sifa ya pekee. Hodgdon wanaoiuza wanaruhusu uchukue kipimo cha juu kabisa walichochapisha cha H4895 kwa kaliba yako na kukipunguza hadi asilimia 60, upate risasi laini ya kumfundishia kijana au anayeanza. Ruhusa hiyo usiihamishie baruti nyingine. Baruti za taratibu, kuanzia kundi la 4350 kwenda chini, zikipunguzwa ovyo zinaweza kuwaka kwa kuchelewa, kuacha kichwa kimekwama mtutuni, na kumekuwa na visa ambapo shinikizo limepanda ghafla kupita kiasi.

Bunduki yenyewe nayo ina neno

.30-06 ya bolti (kufuli la chemba linalofunguliwa na kufungwa kwa mkono) inakula 4350 bila shida. M1 Garand, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani, ya .30-06 hiyo hiyo hapana. Garand hujipakia kwa gesi inayonyonywa kupitia kitundu karibu na mdomo wa mtutu, na ilizoezwa risasi za jeshi zilizojazwa IMR 4895. Baruti ya taratibu hufika kwenye kitundu ikiwa bado na shinikizo kubwa, hata kama shinikizo la chemba liko ndani ya kiwango. Nguvu hiyo hupiga fimbo ya kuendeshea bolti na kuipinda. Risasi ni salama kwa chemba, si salama kwa mashine. Mwenye Garand na .270 anayetafuta kopo moja aanze na Garand, maana ndiyo isiyovumilia.

Ukomo wa shinikizo pia hutofautiana. SAAMI, chombo cha viwango cha watengenezaji wa Marekani, kinaweka .308 na .375 H&H kwenye psi (ratili kwa inchi ya mraba) 62,000, .30-06 kwenye 60,000, .223 kwenye 55,000, .30-30 kwenye 42,000 na .45-70 kwenye 28,000. Kushiriki kopo si kushiriki kipimo. Ndiyo maana hatutaji hapa greni ngapi zijazwe: kipimo kinasomwa kwenye kitabu au tovuti ya mtengenezaji wa baruti, kwa kaliba hiyo, kwa uzito huo wa kichwa, toleo la sasa. Unaanza asilimia 10 chini ya kipimo cha juu, unapanda kwa hatua za nusu greni kwenye maganda ya ukubwa wa .308, na hatua ndogo zaidi kwenye .223. Bolti ikikaza kufunguka, au kitako cha ganda kikitoka na alama inayong'aa ya kisukumio (pini inayolitupa ganda nje), umeshapita; rudi nyuma. Na kipima kasi kikikuonyesha mwendo mkubwa kuliko wa kitabuni kwa mtutu wa urefu ule ule, usifurahi. Mwendo wa ziada umelipwa kwa shinikizo la ziada.

Maganda ya jeshi ya 7.62 mara nyingi yana kuta nene kuliko ya kiraia, hivyo nafasi ndani ni ndogo na kipimo kile kile hutoa shinikizo kubwa zaidi. Ukibadili ganda, anza upya kutoka chini.

Namba kwenye kopo zinazodanganya macho

H4895 na IMR 4895 si baruti moja. Ya kwanza hutengenezwa Mulwala, Australia, ambako inajulikana kama AR2206H; ya pili ni uzao wa baruti ya DuPont iliyojaza risasi za jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili. Zinakaribiana, lakini vipimo havibadilishani. Vivyo hivyo H4350 na IMR 4350, H4831 na IMR 4831. Lakini Varget na AR2208 ni kitu kimoja chenye majina mawili, na H4350 ni AR2209. Herufi za mbele zisome kwa makini kuliko tarakimu.

Jedwali la kasi za baruti, lile linalozipanga kutoka ya haraka hadi ya taratibu, linakuambia nani yuko mbele ya nani tu. Halikuambii kwa umbali gani. Mbili zinazofuatana zinaweza kuwa pacha au zikaachana mbali. Usichukue kipimo cha jirani ukakitumia kwa kudhani.

Mezani

Faida kubwa ya kopo moja ni usalama wa meza. Likiwa kopo moja tu limefunguliwa, huwezi kumimina baruti isiyo yake. Weka sheria hiyo hata ukiwa na makopo kumi: moja mezani, mengine kabatini. Ukimaliza, baruti irudi kwenye kopo lake siku hiyo hiyo. Ikilala kwenye kipimio (chombo cha kumiminia baruti kwa kipimo), kesho hutakumbuka ni ipi, na baruti isiyojulikana haitumiki.

Tatizo la kuhama kutoka .308 kwenda .223 kwa kopo lile lile liko shingoni. Punje ndefu, kama za IMR 4064, zikipita kwenye faneli kuingia shingo yenye upana wa milimita 5.6 hupandana na kufanya daraja. Ganda linapata nusu. Unaliinua, unaweka la pili, mtikiso unavunja daraja, na ganda la pili linapokea cha kwake na masalio ya mwenzake. Hapo una risasi mbili mbovu, moja dhaifu na moja inayomwagika au iliyozidi. Dawa: mimina polepole, gonga faneli mara mbili kabla ya kuinua, kisha panga maganda yote kwenye kibao na kuyamulika kwa tochi kabla ya kuweka kichwa hata kimoja. Lililo tofauti kimo utaliona. Punje zilizokatwa fupi hupunguza adha hii, na baruti ya vidonge vya duara haina kabisa.

Punje ndefu pia hukatwakatwa na kipimio cha mzunguko. Utahisi kishindo mkononi, na kipimo hicho huwa kimeyumba. Yumbo la greni 0.3 kwenye ganda la .308 ni dogo. Kwenye .223 ni zaidi ya asilimia moja ya baruti yote. Kwa .223, karibu na kipimo cha juu, pima kila moja kwa mizani inayosoma greni 0.1, na uikague mizani kwa jiwe lake la uzito kabla ya kuanza.

Joto lisipuuzwe. Baruti ikipashwa joto shinikizo hupanda. Risasi iliyotafutiwa kipimo cha juu mwezi Januari huko Minnesota huenda ikafyatuliwa Agosti baada ya kukaa kwenye gari lililoanikwa juani. Viwanda vya Uingereza vilivyojaza kordaiti (baruti ya zamani ya Kiingereza) kwa wawindaji wa Afrika na India vililijua hili vikapunguza vipimo vya nchi za joto, kwa kuwa ganda lililokwama chembani mbele ya nyati ni kifo. H4895, Varget na H4350 zimetengenezwa zisisumbuliwe sana na joto, na hiyo ni sababu nzuri ya kuzipendelea unapotaka kopo la mwaka mzima.

Kununua na kuhifadhi

Hesabu ya matumizi ni rahisi: gawanya 7,000 kwa greni za kipimo chako. Kwa mfano wa hesabu tu, kipimo cha greni 25 kinatoa risasi 280 kwa ratili, cha 45 kinatoa 155, cha 60 kinatoa 116. Anayetumia baruti moja kwa bunduki zote anaweza kununua kopo la ratili 8 la toleo moja la kiwanda. Hapo ndipo kuna faida kuliko bei: matoleo ya baruti ile ile hutofautiana kidogo, na kila ukibadilisha toleo unapaswa kushuka na kupima tena. Andika namba ya toleo kwenye kila sanduku la risasi.

Marekani, kiwango cha NFPA 495, cha shirika la kinga ya moto, kinakubali hadi ratili 20 nyumbani zikiwa kwenye makopo yake ya asili. Zaidi ya hapo, hadi 50, zikae kwenye sanduku la mbao lenye kuta za inchi moja. Usiifungie baruti kwenye sefu nzito ya chuma. Ikiwaka mahali palipo wazi inaungua tu. Ikiwaka ndani ya chuma kilichofungwa, hiyo sefu imekuwa bomu. Fataki ziwekwe mbali nayo, kwenye paketi zake. Na kopo likifunguliwa likatoa harufu kali ya kuchoma pua, au ukaona vumbi jekundu kama kutu juu ya punje, baruti hiyo imeanza kuoza. Toa nje, isambaze kidogokidogo kwenye udongo wa bustani, wala usijaribu kumalizia punje za mwisho kwenye .223.